Samaki, Maziwa na Tumbo la Bibi

Ti-ti-tii, ti-ti-tii, halafu kimya kidogo, halafu mchi unagongwa mara moja kwenye ukingo wa kinu, ngaa, ili unga ulioganda udondoke. Ndivyo asubuhi zilivyokuwa zikianza katika nyumba tuliyokaa Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe, kabla jua halijafika kwenye uchochoro wetu. Na jua lilikuwa likichelewa kufika, maana nyumba za pale zimekaribiana hata mtu wa dirisha hili akiishiwa chumvi humnyooshea mkono mtu wa dirisha lile. Kinu chenyewe kilikuwa cha shaba, kidogo, hakikuzidi bilauri ya chai, na mwenyewe alikuwa Bi Jasu, mjane wa Kihindu aliyekaa chini yetu. Boriti za dari yake ndizo zilizobeba sakafu yetu, kwa hiyo kila alichotwanga tulikisikia kwa nyayo kabla ya masikio. Baada ya sauti ikipanda harufu: tangawizi, bizari nyembamba iliyokaangwa bila mafuta, na ule mvuje unaonuka vibaya ukiwa kwenye kopo na kunukia vizuri ukishaguswa na samli. Mimi nimelala ubavuni kwa Bibi, pua imetoka nje ya shuka, nnahesabu kwa harufu tu Bi Jasu amefika wapi.

Bi Jasu alikuwa mwembamba, mwepesi wa maneno, na miwani yake ilifungwa uzi mweusi upande mmoja kwa sababu mkono wa miwani ulikuwa umevunjika. Alizaliwa hapahapa mjini na Kiswahili chake kilikuwa cha hapahapa, kimejaa mizaha. Lakini jikoni alifuata mambo aliyoyapokea kwa bibi yake, na bibi yake kwa watu wa kwao Gujarati, wanaoyaita Ayurveda. Yeye jina hilo hakulitumia sana, alisema tu "utaratibu wa tumbo". Kwa utaratibu huo, tumboni mwa kila mtu mna jiko linalowaka, na chakula ni lazima kiende na nguvu ya moto uliopo. Ukila kabla cha mwanzo hakijasagika, umeweka sufuria juu ya sufuria. Ukinywa maji ya barafu juu ya wali wa moto, umelimwagia jiko ndoo. Tena kila chakula kina tabia yake, kuna cha moto na cha baridi, kizito na chepesi, na vingine vikikutana mle ndani hugombana. Samaki na maziwa havionani. Maziwa na nanasi havionani. Tunda huliwa peke yake, na asali haitiwi kwenye maji yanayotokota. Haya yote aliniambia huku nimekaa mlangoni kwake nnamenya vitunguu thomu, na mimi nilikuwa mtoto wa kupenda kuambiwa, basi nikayahifadhi kama nilivyohifadhi nyimbo za chuoni, kwenye masomo ya Kurani.

Usidhani alikuwa mtu mkali wa kujinyima. Msimu wa maembe ulipofika, siku moja niliingia kwake bila kubisha nikamkuta amejifungia chumbani na bakuli la maziwa, na ndani yake vipande vya embe boribo vinaelea. Nikamuuliza kama si yeye aliyesema maziwa na matunda havionani. "Havionani," akasema, wala hakuacha kijiko. "Ndiyo maana nnavikutanisha kwa siri, huenda vikapatana." Kisha akanieleza, sasa kwa sauti ya mtu anayejitetea, kwamba embe likiwa tamu kabisa, lisilo na ukali hata chembe, wapo kwao wanaoruhusu, na yeye katika jambo hilo ameamua kuwasikiliza hao. Akanipa kijiko cha pili. Tangu hapo kila boribo la mwanzo la msimu tulilila hivyo, mlango umetiwa komeo, na tukimaliza anatafuna kipande cha tangawizi chenye chumvi, kama mtu anayeomba radhi.

Yeye na Bibi walikuwa mashoga, marafiki wa kuaminiana. Bibi ndiye mama wa baba yangu, na baba wakati ule alikuwa Pemba kwenye kazi ya ujenzi, anarudi akipata nafasi, kwa hiyo juu kule tulikaa sisi wanawake watatu: Bibi, Mama na cherehani yake, na mimi. Katika jiko letu palikuwa na sufuria moja ndogo yenye mfuniko, imetundikwa kwenye msumari wake peke yake. Tuliiita sufuria ya Bi Jasu. Haikupata kuingia samaki wala nyama, maana yeye hakuvila, hata mwiko wake ulikuwa mbali, na siku niliyojaribu kuchemshia yai humo Bibi aliniita jina langu lote mpaka la babu. Humo alipikiwa Bi Jasu muhogo wa nazi au kunde, vikashushwa chini vimefunikwa kawa la ukili, na sahani ikipanda ina kitu: chapati nyembamba, achari ya ndimu, au maziwa ya mtindi yaliyokorogwa na maji na kunyunyiziwa bizari nyembamba. Kurudisha sahani tupu hapakuwa na mtu aliyejua vipi hufanywa.

Mwaka nnaouzungumza, tumbo la Bibi lilianza kumsumbua mwezi wa Shaabani. Kwanza alikuwa akicheua na kuweka mkono kifuani, tukasema kiungulia tu. Baadaye tumbo likawa linajaa na kukaza, anaacha chakula baada ya matonge machache, kanga inamzunguka mara nyingi zaidi kiunoni. Hospitali walimpima, hawakuona kikubwa, wakampa vidonge na kumkataza kufunga. Hilo la kukatazwa ndilo lililomuumiza. Ramadhani ilipoingia akawa hafungi kwa nia, lakini hali pia, anaona haya sauti ya kijiko chake isisikike mchana. Anakaa na njaa mpaka magharibi, na magharibi ndipo mtaa unapopanda ngazi. Kila jirani alijua kuwa Bibi hali, na kila mmoja alikuwa na chakula anachokiamini. Wa nyumba ya mkabala alileta supu ya pweza ya kutia nguvu. Mke wa mwalimu wetu wa chuo alileta uji wa pilipili manga na kaimati zilizojaa shira. Wengine mihogo ya samaki, mtindi, ndizi mbivu za kupika, sambusa, tikiti lililokatwa. Bibi hakuwa mtu wa kumvunja mwenzake. Alionja vyote, kila sahani kidogo, kisha maji ya barafu, na kisha tunamwinua kumpeleka kitandani akiwa ameshika tumbo kama mtu aliyebeba mzigo wa mtu mwingine.

Katikati ya mwezi akaja Ami Haji, kaka mkubwa wa baba, anayekaa Fumba. Ami alikuwa mtu mkubwa wa mwili na mpole, mwenye ng'ombe na shamba, na alimpenda mama yake kwa namna ambayo ilimfanya ashindwe kutulia akimwona. Siku ile alikaa akamtazama mikono, akamtazama shingo, na alipoinuka alimwambia Mama mbele yangu, "Mama yangu anakonda. Idi, sikukuu ya pili, ntakuja. Nkimkuta anakula kama watu, abaki. Nkimkuta hivi, nnamchukua." Mama ni mkaza mwana, na huyu ni shemeji yake mkubwa. Alisema inshallah, akarudi kwenye cherehani, lakini mguu haukukanyaga.

Fumba si mbali, najua sasa. Lakini nilikuwa na miaka tisa, na kwangu ilikuwa nchi nyingine. Kitanda chetu kilikuwa kimoja. Bibi ndiye aliyenisuka, aliyenisikiliza sura zangu za Kurani, aliyenifunika kanga usoni sauti ya radi ikija. Yeye mwenyewe hakutaka kwenda. Alipoolewa ndipo alipoletwa kwenye nyumba ile, kila asubuhi aliuliza habari za ngazi nzima, na nilimsikia akimwambia Mama kwamba Fumba atafika mwili tu. Hakulia. Alikunja shuka zake vizuri kuliko siku zote, moja juu ya moja, na mimi nilipoona zile shuka ndipo nilipoogopa.

Siku ya pili nilimrudishia Bi Jasu sahani yake na uso wangu ukanisema. Akaniuliza, nikamweleza yote, la Ami na la Fumba. Badala ya kunifariji akaniuliza Bibi jana alikula nini. Nikamtajia. Supu ya pweza, uji, kaimati, mihogo ya samaki, mtindi, ndizi mbivu, tikiti. Akavua miwani.

"Vyote kwa wakati mmoja?"

"Naam."

"Tangu asubuhi hajala kitu?"

"Hajala. Na maji ya barafu juu yake."

Akautazama ule uzi wa miwani. Kisha akasema kwa upole, "Mtaa mzima unampenda bibi yako. Na mtaa mzima umeingia tumboni mwake. Mle hamna mahali pa kukaa watu wote hao."

Alipanda ngazi zetu siku hiyohiyo, na magoti yake yalikuwa mabovu, kwa hiyo alipanda akipumzika na kuitukana kila ngazi kwa jina. Yeye na Bibi walikaa dirishani, mimi nikajifanya nachambua mchele. Bi Jasu akamwambia ale mchana, daktari keshamruhusu na Mungu keshamsamehe, na ale kidogo kidogo badala ya kulishindisha jiko bila kuni halafu kulitupia gogo. Bibi akasema anaona haya. Bi Jasu akasema basi atakuwa anakuja kula naye, kwa sababu yeye hafungi na mwenzake amekatazwa, na watu wawili wakila pamoja hakuna wa kuona haya. La pili lilikuwa zito zaidi: sahani. Bibi alishika kabisa kwamba sahani za watu hazirudishwi, kumrudishia mtu futari yake ni kumpiga kofi. Bi Jasu akasema hakuna aliyesema zirudi. Zipokelewe zote, zishukuriwe zote, ila kwa Bibi iende moja tu, ile nyepesi, na nyingine tule mimi na Mama.

"Na wakiniuliza pweza wao alikuwaje?" Bibi akauliza.

"Utamuuliza huyu," Bi Jasu akasema, akaninyooshea kidole. "Atakuwa keshamwonja."

Hivyo nikapewa kazi. Nikawa mdomo wa Bibi. Kila magharibi nilikaa nyuma ya pazia na sahani zangu, nnaonja moja moja, kisha nakwenda kumnong'oneza: pweza laini, amezidi ndimu, kaimati nyepesi, shira ina hiliki, mihogo imeiva ila nazi ilikuwa ya jana. Asubuhi Bibi akikutana na majirani ngazini au dirishani anawashukuru kwa undani ambao haukupata kutokea, anamsifu huyu kwa hiliki na yule kwa ulaini, nao wanakunjuka nyuso. Sikupata kuona mtaa umefurahi vile kwa sababu ya vyakula ambavyo aliyepelekewa hakuvila.

Na mchana, saa ambayo uchochoro umelala na saumu, Bi Jasu alikuwa akipanda na sufuria ya jikoni kwake. Wali uliopikwa pamoja na choroko zilizokobolewa mpaka vikalainika vyote, bizari ya manjano, samli kidogo, mvuje kiasi cha kukaa kwenye ncha ya kisu. Kabla ya kula anampa Bibi kipande chembamba cha tangawizi chenye chumvi na tone la ndimu, atafune kwanza, mwenyewe akiita hivyo, "kupuliza jiko". Maji yalikuwa ya vuguvugu na kwa mafundo. Walikuwa wakila wamegeukiana, pazia limeshushwa, wanazungumza polepole habari za watu ambao wengi wao walishakufa, na mimi niliyefunga saumu yangu ya kitoto ya mpaka adhuhuri nilikuwa nasikia kijiko cha Bibi kinagusa sahani, hakikimbii tena wala hakijifichi. Si kila siku ilikwenda vizuri. Kuna magharibi Bibi alishindwa na harufu ya samaki wa kupaka, akamla, na kwa kuwa mtindi ulikuwa karibu akaunywa pia. Akaumwa mpaka alfajiri. Alipopata nafuu akasema hata wazee wetu walisema samaki na maziwa visikutane, walisema huleta mabaka kwenye ngozi, ila yeye siku zote alidhani ni maneno ya kuwazuia watoto wasimalize maziwa.

Polepole mashavu yakaanza kurudi. Mimi niliyaona kwanza, kwa sababu nilikuwa nayatazama asubuhi kabla hajaamka. Lakini alikuwa bado akila kidogo, sahani yake ilikuwa ya mtoto, na Ami alisema kula kama watu. Ami kwake kula kulikuwa na maana moja tu.

Sikukuu ya pili akaja. Tulisikia kikapu kabla yake, kinagonga ukuta wa ngazi kwa ukubwa. Alileta samaki changu wa kukaanga na pilipili waliofungwa kwenye majani, mananasi mawili yanayonukia mpaka chini kwa Bi Jasu, na galoni ya maziwa. Mama alipika wali wa nazi, akayachemsha maziwa akayatia sukari na hiliki kama alivyoambiwa. Sinia likawekwa mkekani. Tulikaa Ami upande mmoja, na upande wa pili Bibi na mimi, nimevaa gauni jipya na mikono yangu imejaa hina mpaka kwenye vifundo. Ami akamimina maziwa kwenye kikombe kikubwa akampa Bibi kwa mikono miwili. "Ya ng'ombe wako mwenyewe, Mama," akasema. "Yule uliyeniachia akiwa ndama." Kisha akaanza kumchambua changu, anatoa miba, anasukuma minofu upande wa Bibi kwenye sinia, minofu minene, anasukuma na kutazama.

Nilimtazama Bibi, naye akanitazama. Akikataa, atakwenda Fumba leo kwa kuwa hali. Akila vyote, ataumwa kabla Ami hajaondoka, na atakwenda Fumba leo kwa kuwa mgonjwa. Bibi akachukua tonge dogo la wali, akagusa samaki, akapeleka mdomoni, akasema alhamdulillah, mwanangu, samaki mtamu. Mkono wake ukabaki juu ya sinia, unachezea wali. Na mimi nikasogea mpaka goti langu likakaa juu ya goti lake, nikaanza kula upande wake. Kila mnofu uliofika mbele ya Bibi niliuchukua. Ami akigeuka kumwambia Mama jambo, nauchukua mkubwa. Bibi aliinua kikombe cha maziwa, akalowesha midomo, akakiweka katikati yetu, nami nikakinywa kwa mafundo marefu huku Ami ameinama juu ya miba. Akakijaza tena. Nikakinywa tena. Likaja nanasi, Bibi akashika kipande, na kipande hicho sijui vipi kikawa changu, na vilivyofuata pia. Nilijua vizuri nnachokifanya. Samaki, nazi, maziwa, sukari, nanasi, pilipili: vyote vile ambavyo Bi Jasu alinifundisha kwamba havionani vilikuwa vikiingia mlango mmoja, vinasukumana. Bibi alikuwa akila tonge lake dogo, la pili, la tatu, bila haraka, na kumhadithia Ami habari za Ramadhani, nani alileta nini na hiliki ilikuwaje, na kwa mara ya kwanza tangu Shaabani nikamsikia Ami akicheka.

Sinia liliondoka safi. Ami akanawa, akaswali, akakaa na mama yake mpaka alasiri, na wakati wa kuondoka aliniita nimsindikize ngazini.

"Zuhura."

"Naam, Ami."

Alikuwa ngazi ya chini yangu, kwa hiyo nyuso zetu zilikuwa sawa.

"Bibi yako anakula vizuri," akasema. "Ila mwaka huu hakutia hina, na mkono uliokuwa ukimaliza samaki wake una hina."

Nilitazama mikono yangu kama vile si yangu. Nikaificha nyuma, kisha nikaona haina faida, nikaileta mbele. Nilitaka kusema kwamba anakula, anakula kweli ila kwa utaratibu, anakula mchana na Bi Jasu, ila Ami hakunipa nafasi. Ami akaweka kikapu chini. Alinifuta mdomo kwa ncha ya kikoi chake, palikuwa na maziwa.

"Lakini mashavu yale ni yake mwenyewe," akasema. "Hayo hukumjazia wewe. Basi akae."

Akashuka. Nilimsikia akimwamkia Bi Jasu shikamoo, na Bi Jasu akimwitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango kwa muda mrefu. Mimi nilirudi juu kumwambia Bibi, lakini sikufika. Nilikimbilia chooni, na vile visivyoonana vikaagana mle. Bi Jasu alipanda bila kuitukana ngazi hata moja. Akanikuta nimelala mapajani kwa Bibi nimekunja magoti, akauliza nimekula nini, nikamtajia kwa mpangilio, na alicheka mpaka miwani ikakatika uzi. "Nilikufundisha visivyoonana," akasema, "na wewe umevifungisha ndoa vyote siku moja." Alinipa maji ya moto yaliyochemka na bizari nyembamba, nikanyweshwa kwa kijiko. Mkono wa Bibi ulikuwa tumboni kwangu muda wote, unazunguka taratibu, mkono uleule ambao mwezi mzima ulikuwa juu ya tumbo lake mwenyewe. Shuka zilizokunjwa zilitandikwa tena siku hiyo.

Bibi alikaa. Alikaa miaka mingine, na alipofariki alifia kitandani mwake, ngazi nzima ikiwa imejaa watu aliowaulizia habari zao. Bi Jasu alichukuliwa na binti yake kwenda Dar es Salaam, na kinu chake akaondoka nacho ndani ya kitambaa. Ile nyumba inatengenezwa, wanasema itakuwa ya wageni. Sisi tulihamia Kikwajuni, na mimi, ambaye shule niliishia kidato cha nne, nnaandaa meza katika hoteli moja huko ng'ambo ya Mji Mkongwe. Mwaka jana walianza kupokea wageni wanaokuja kula kwa Ayurveda wiki nzima. Mwalimu wao, bibi mmoja mstaarabu, aliwaeleza kwamba tumboni mna moto, kwamba maziwa na samaki havikutani, kwamba tangawizi itafunwe kabla. Mimi nilikuwa nagawa vikombe vya maji ya vuguvugu, na ilibidi niingie jikoni kwa sababu machozi yalinitoka.

Wageni wale wanafuata sawasawa, kuliko alivyofuata Bi Jasu mwenyewe. Kila mmoja na sahani yake, na kimya chake. Wanapona, nnaona rangi zao siku ya kuondoka. Ila nnapokusanya vyombo nawaza kwamba hakuna aliyewapelekea kitu kilichofunikwa kawa, hakuna aliyewapandia ngazi kwa magoti mabovu ili wasile peke yao. Na kwetu nako, Ramadhani hii sahani zilikuja chache. Majirani zangu wazuri, lakini wengi hupiga picha futari na kunitumia kwenye simu, nami nawajibu kwa vijipicha vya maua. Nimeanza kuwaza mambo makubwa, na nikiwaza nacheka peke yangu njiani: nataka siku moja niwe na mahali padogo pa kula, penye sufuria moja ambayo haijui samaki, na mkeka wa mchana kwa bibi wenye matumbo mabaya, wawili wawili, wasione haya. Jina nshalipata. Mahali bado.

Wiki iliyopita maboribo yalianza kuingia sokoni Darajani. Nilinunua moja, nikalinusa njia nzima. Nilipofika chumbani nilitia komeo, nikalikata vipande kwenye bakuli, nikamimina maziwa baridi juu yake. Nililila lote dirishani, polepole, na mwisho nikakinywa kile kinachobaki chini, kilichokuwa si maziwa tena wala si embe. Nikatafuna kipande cha tangawizi chenye chumvi. Kisha nikachukua kijiko, nikagonga ukingo wa bakuli mara moja, ngaa, kama mchi wa Bi Jasu, nikasikiliza mpaka sauti ikaisha.